Ukibonyeza Ctrl+C kwenye psql, nani hasa anaikata kweri?

Kuna swali huwa nawauliza vijana wanaokuja kufanya fildi ofisini, na karibu wote wanajibu fasta bila kufikiria. Una kweri (ombi la data) inakimbia kwenye psql, ile programu ya kuongea na databesi ya PostgreSQL, imegoma kuisha, unabonyeza Ctrl+C, kweri inakatika. Nani kaikata? "Si Ctrl+C!" Haya, tulia kwanza. Wewe upo Dar na laptopu yako, PostgreSQL ipo kwenye seva Frankfurt, na Ctrl+C ni mambo ya teminali yako tu, keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya laptopu yako inatuma SIGINT, signali ya "acha unachofanya", kwa prosesi (programu inayokimbia) iliyopo mbele kwenye teminali hiyo na kazi yake imeishia hapo. Signali haivuki mashine. Hakuna signali inayopita kwenye kebo ya baharini ikaenda kugonga prosesi Ujerumani, sasa kweri imekatikaje?

Ukifuatilia hilo swali mpaka mwisho unajikuta umejifunza karibu kila kitu kuhusu namna Postgres inavyochanganya soketi (ncha za koneksheni ya mtandao) na signali, na unaelewa pia kwa nini kuna siku unaikata kweri na inakuangalia tu.

Tuanze na psql yenyewe. Ikipokea SIGINT, hendla yake (kipande cha msimbo kinachoitwa signali ikifika) inaita PQcancel, na hiyo fankisheni imeandikwa kwa uangalifu sana maana ndani ya hendla ya signali huruhusiwi kufanya mambo mengi (nitarudi hapo). Inachofanya ni kufungua koneksheni mpya kabisa ya TCP kwenda seva ileile, inatuma paketi ya baiti 16, halafu inasubiri seva ifunge. Baiti 4 za urefu, baiti 4 za namba 80877102 inayosema "hili ni ombi la kukata", baiti 4 za PID (namba ya prosesi) ya bakendi yako, ile prosesi inayokuhudumia kule seva, na baiti 4 za siri ambayo ulipewa wakati unaunganishwa mwanzo. Hamna nenosiri, hamna jibu. Seva haikuambii imefanikiwa wala imeshindwa, inafunga soketi na wewe utajua mwenyewe kupitia koneksheni yako ya zamani.

Kwa nini isitume hilo ombi kwenye koneksheni iliyopo? Kwa sababu huko upande wa pili hakuna anayesikiliza. Postgres kila koneksheni ni prosesi moja yenye thredi moja (mkondo mmoja wa kazi), na hiyo prosesi ikishaanza kuchambua jedwali lako la mamilioni ya rekodi haigeuki kuangalia soketi mpaka imalize au mpaka iwe na kitu cha kukutumia. Ungeandika ombi lako pale lingekaa kwenye bafa ya keneli linasubiri zamu.

Na hapa kuna kitu watu wengi hawakijui, hata kama umeunganishwa kwa TLS (usimbaji wa mtandao), hilo ombi la Ctrl+C lilikuwa linaenda wazi bila kusimbwa, na ile siri ya baiti 4 ndani yake. Toleo la 17 limeleta fankisheni mpya kwenye libpq (maktaba ya Postgres ya upande wa mteja) zinazosimba ombi la kukata, lakini hizo haziwezi kuitwa kwa usalama ndani ya hendla ya signali kwa hiyo psql ya toleo hilo bado inatumia ile ya zamani. Toleo la 18 nalo limeruhusu siri ndefu zaidi kwenye protokali. Mambo yanaenda polepole lakini yanaenda.

Tuhamie seva sasa. Postmaster, ile prosesi mama inayosikiliza pale pote 5432, anapokea koneksheni yako mpya, anazaa prosesi mtoto, mtoto anasoma ile paketi, anaangalia kama PID na siri vinaendana, vikiendana anaita kill() na kutuma SIGINT kwa bakendi yako, halafu anakufa. Umeona mzunguko wake? Signali kwenye laptopu imegeuka soketi, soketi imevuka mtandao, imefika imegeuka tena signali. Na kwa kuwa hilo ombi linashughulikiwa kabla ya kuangalia kama kuna nafasi kwenye max_connections, unaweza kukata kweri hata siku ambayo seva inawakatalia watu wapya kwamba imejaa.

Sasa bakendi imepokea SIGINT. Ungedhani inaacha kila kitu palepale. Hapana, hendla yake inapandisha bendera mbili tatu (QueryCancelPending, InterruptPending), inaamsha prosesi kama imelala, basi, inarudi. Kazi inaendelea kama kawaida mpaka ifike sehemu kwenye msimbo palipoandikwa CHECK_FOR_INTERRUPTS(), ndipo inaangalia bendera na kusema ERROR: canceling statement due to user request. Ni kama daladala tu, ukigonga bodi ukasema shusha dereva hafungi breki katikati ya barabara, anakushusha kituo kinachofuata, na vituo vimepangwa sehemu ambazo ni salama kushuka.

Kwa nini mzunguko wote huo? Kwa sababu signali inaweza kuingia kati ya maagizo yoyote mawili ya programu. Inaweza ikakukuta katikati ya malloc (fankisheni ya kuomba memori), malloc imeshika loki (kufuli) yake ya ndani, hendla yako nayo ikaita kitu kinachohitaji malloc, inasubiri loki ambayo imeshikwa na wewe mwenyewe, hapo umekwama milele. POSIX, kile kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, ina orodha ya fankisheni salama kuitwa ndani ya hendla na ni fupi, write ipo, _exit ipo, printf haipo. Watu wa Postgres wenyewe imewachukua miaka mingi kufika hapa. Kabla ya toleo la 9.5, bakendi ikiwa inasubiri mteja atume kitu, hendla ilikuwa inaruhusiwa kufanya kazi yenyewe moja kwa moja ndani ya signali, na fikiria hapo katikati kuna OpenSSL, maktaba ya TLS, nayo ina mambo yake. Postmaster ndio alikuwa balaa zaidi, mpaka toleo la 15 alikuwa anazaa watoto na kuzika watoto ndani ya hendla za signali, ilikuwa inafanya kazi kwa sababu tu signali zote zilikuwa zimezuiwa isipokuwa dakika ile amelala kwenye select() akisubiri tukio. Thomas Munro, mmoja wa watengenezaji wa Postgres, ndio aliandika upya hiyo sehemu kwa toleo la 16, sasa postmaster anazunguka kwenye kitanzi cha kawaida cha matukio na hendla zake zinapandisha bendera tu.

Kuna hendla moja ambayo bado inakiuka sheria waziwazi, ile ya SIGQUIT (signali ya kufa ghafla), inaitwa quickdie. Inajaribu kumwandikia mteja onyo kwanza kabla ya kufa, kitu ambacho si salama, na maoni kwenye msimbo yanakiri hivyo. Mwaka 2018 wakapunguza hatari kwa kuweka _exit(2) badala ya exit ya kawaida, na ikikwama bado kuna bima, kuanzia toleo la 9.4 postmaster akisubiri sekunde 5 mtoto hajafa anampiga SIGKILL, signali isiyozuilika.

Haya, kulala sasa. Hii ndio sehemu ninayoipenda na ndio sehemu ya spidi.

Tatizo lenyewe ni hili: bakendi inaangalia bendera, inaona ipo chini, inaamua kulala kwenye poll() (kuiomba keneli iiamshe kukiwa na kitu) ikisubiri soketi. Signali ikiingia katikati ya kuangalia na kulala, bendera imepanda lakini mwenyewe ameshalala, hatajua mpaka mteja atume kitu, na mteja anaweza asitume leo. Dawa yake ya zamani ni ya mtaalamu wa programu D. J. Bernstein, unajitengenezea paipu (njia ya kupitishia baiti) yako mwenyewe, hendla inaandika baiti moja kwenye paipu, na poll() yako inasubiri soketi na paipu kwa pamoja, kwa hiyo hata signali ikiwahi, baiti ipo pale na poll() hailali. Postgres waliingiza hii toleo la 9.1 wakaiita latch.

Inafanya kazi vizuri ila ina gharama. Kila kuamshwa ni signali, halafu hendla, halafu write kwenye paipu, halafu poll kurudi, halafu read kuisafisha paipu. Kwenye seva yenye kazi ndogondogo nyingi hizo safari za kwenda keneli zinaonekana. Toleo la 14 kwenye Linux wakatupa paipu, wanatumia signalfd, yaani SIGURG (signali ya kuamshana) imezuiwa isiende kwa hendla kabisa, inasomwa kama faili ndani ya epoll (poll() ya kisasa ya Linux) ileile inayosubiri soketi. Na wakaongeza kitu kidogo cha akili, kabla ya kumtumia mwenzako signali unaangalia kwanza kama kweli amelala, kama yupo macho hutumi kitu, ataiona bendera mwenyewe akipita.

Stori ya toleo la 9.6 ndio inaonyesha jinsi hivi vitu vinavyogongana. Walitaka bakendi zilizokaa bure zife kama postmaster amekufa, wazo zuri tu, zamani zilikuwa zinabaki yatima mpaka mteja aondoke. Kila bakendi inayosubiri mteja ikaongezewa paipu ya postmaster kwenye poll() yake, na hiyo paipu ni moja kwa wote. Sasa poll() kila ukiiita inajisajili kwenye foleni ya kila faili na ikitoka inajifuta, kwa hiyo bakendi zote, kila kweri, zikawa zinagombania loki moja ya paipu moja ambayo haina kitu ndani na haitakuwa na kitu mpaka siku postmaster afe. Kwenye mashine kubwa zenye CPU zaidi ya moja spidi ikaporomoka, watu wakalalamika. Ndipo Andres Freund, mtengenezaji mwingine wa Postgres, akaleta WaitEventSet inayotumia epoll, na epoll unajisajili mara moja tu unaendelea kusubiri bila kusajili upya, tatizo likaisha. Ukisoma msimbo wa mtandao wa databesi yoyote mistari yenyewe unaiona ya kawaida sana, hujui nyuma yake kuna vita gani.

Sasa jaribu hii mwenyewe, ndio inaonyesha pale ambapo Ctrl+C inashindwa. Fungua psql kwa TCP, -h localhost inatosha, andika select generate_series(1,100000000). Iache sekunde moja mbili halafu bonyeza Ctrl+Z, siyo C. psql imesimamishwa, haisomi tena soketi. Seva haijui hilo, bakendi inaendelea kujaza rekodi kwenye bafa yake ya baiti 8192, ikijaa inaita send(), keneli inapokea, mpaka bafa za soketi pande zote mbili zijae. Nenda teminali nyingine andika ss -tn, utaona Recv-Q (foleni ya kupokea) ya upande wa psql imejaa na Send-Q (foleni ya kutuma) ya upande wa 5432 imejaa, na namba hazisogei. Angalia pg_stat_activity (orodha ya bakendi na zinachofanya), state ni active, wait_event ni ClientWrite, yaani inasubiri kumwandikia mteja.

Jaribu pg_cancel_backend, inayotuma SIGINT ileile, na PID yake. Inakurudishia t, yaani signali imetumwa. Kweri ipo palepale. Jaribu tena, t, ipo palepale. Hii siyo bagi. Bakendi imekwama katikati ya kuandika ujumbe, nusu imeshaenda, ikikata hapo ikaanza kuandika ujumbe wa kosa mteja atasoma takataka, protokali imeharibika. Kwa hiyo wakati wa kuandika bendera moja tu ndio inaheshimiwa, ile ya kufa. Piga pg_terminate_backend, inatuma SIGTERM (signali ya "ondoka"), bakendi inaondoka papo hapo maana koneksheni inafungwa hata hivyo, hakuna tena protokali ya kulinda. Au badala ya kuua rudi kule uandike fg (kuiendeleza psql), psql ikianza kusoma tu bakendi inapata pumzi, inaikuta ile bendera ya cancel bado inasubiri, inakata.

Na statement_timeout, kile kikomo cha muda wa kweri? Wengi wanaitegemea kama ngao. Ukichungulia ndani yake, saa ikifika SIGALRM inaingia, na hendla yake inachofanya ni kujitumia SIGINT yenyewe, bendera ileile ya cancel. Maana yake kwa kesi hii haikusaidii chochote. Keepalive (ujumbe mdogo wa kuangalia kama mwenzako bado yupo) nayo haisaidii, kwa sababu keneli ya mteja ipo hai inajibu kama kawaida, aliyelala ni programu. Kwa hiyo mtu mmoja ameacha skripti yake ya ripoti imesimama kwenye dibaga, kweri yake ni active siku nzima, inashikilia snapshoti (picha ya data ya wakati ule), na vacuum (kazi ya usafi ya Postgres) haiwezi kusafisha rekodi zilizokufa baada ya hapo. Majedwali yanavimba na kila mtu analaumu diski. Mimi ClientWrite iliyokaa zaidi ya dakika kadhaa naiwekea alamu, na naiua bila kuuliza.

Kinyume chake ni mteja aliyepotea kabisa. Umeme umekatika, rauta imezima, au umetoka kwenye waifai umeingia kwenye bando ya simu, hakuna FIN (taarifa ya kufunga koneksheni) iliyotumwa, seva inaamini upo. Linux kwa kawaida inasubiri sekunde 7200 ndio inaanza kutuma keepalive, halafu inajaribu mara 9 kila sekunde 75, jumla ni zaidi ya saa mbili na dakika kumi. Kwa hali ya umeme wetu hiyo ni mzaha, weka tcp_keepalives_idle iwe 60 hivi na interval iwe 10. Na kama mteja amefunga koneksheni vizuri lakini kweri yake ndefu bado inasaga, seva haitagundua mpaka iwe na kitu cha kumwandikia, kwa hiyo kuanzia toleo la 14 washa client_connection_check_interval, kwa kawaida ni 0 yaani imezimwa, ukiiweka bakendi inachungulia soketi kila baada ya muda huo na ikikuta upande wa pili umefunga inaacha kazi.

Upande wa kuzima seva nao una vituko vyake. Kwa postmaster SIGTERM maana yake ni "zima kistaarabu", yaani kataa wapya na subiri waliopo waondoke wenyewe. SIGINT ni "zima haraka", katisha kila mtu, fanya checkpoint (andika mabadiliko yote diskini), lala. SIGQUIT ni "zima sasa hivi", hakuna checkpoint, ukiwasha inaanza kurikava kutoka WAL (logi ya mabadiliko). Sasa docker stop, amri ya kusimamisha kontena, kwa kawaida inatuma SIGTERM, inasubiri sekunde 10, halafu SIGKILL. Aplikesheni yako ina puli ya koneksheni ambayo haiondoki kamwe, unaona hapo? Postgres inasubiri watu wasioondoka, sekunde 10 zinaisha, inapigwa kichwani, kila siku ukiristati inarikava na wewe unadhani ndio kawaida yake. Imeji rasmi ya Postgres ilishaweka STOPSIGNAL SIGINT tangu 2020, lakini waliojitengenezea imeji zao wengi wamesahau, au wameianzisha kwa skripti ya sh bila exec, basi signali inaishia kwa sh haifiki kabisa.

Na jamani kill -9 (yaani SIGKILL) kwa bakendi moja. Siyo kwamba unaua moja. Postmaster akiona mtoto amekufa kwa signali 9 hawezi kujua alikuwa ameshika nini kwenye memori ya pamoja, labda alikuwa nusu ya kuandika, kwa hiyo anawatimua wote na kuanza kurikava. Koneksheni zote zinakufa pamoja na zinarudi pamoja, kila moja inataka kuzaliwa prosesi na kupeana mikono ya TLS, na kama keneli ni ya kabla ya 5.4 foleni ya listen ina kikomo cha 128 tu (siku hizi ni 4096), zinazobaki nje zinaonekana kwa watumiaji kama mtandao umekuwa mzito. Logi ikisema was terminated by signal 9: Killed na wewe hujaua mtu, muuaji mara nyingi ni keneli yenyewe, memori imeisha. Hapo vm.overcommit_memory=2 ndio pa kuanzia.

Databesi nyingine zinafanyaje? Klaenti ya MySQL ukibonyeza Ctrl+C nayo inafungua koneksheni mpya, ila inaingia kama mtumiaji wa kawaida na kutuma KILL QUERY, na seva yao ni thredi kwa hiyo wana thredi moja maalumu inayokaa kwenye sigwait kupokea signali za wote. Safi zaidi kwa kweli. Redis, databesi ya kwenye memori, ni thredi moja kuu, SIGTERM inapandisha bendera na inaangaliwa kwenye kazi yake ya kila mara, na ukituma SIGINT mara ya pili kabla haijamaliza inaandika kwenye logi "You insist... exiting now." na inatoka hivyohivyo. Nilicheka nilipoiona.

Kitu cha mwisho kwa wale ambao hata pg_terminate_backend imegoma. Angalia kwanza wait_event. Kama ni tupu na CPU ipo asilimia 100, kuna uwezekano bakendi ipo ndani ya ekstensheni iliyoandikwa kwa C yenye kitanzi kirefu kisichokuwa na CHECK_FOR_INTERRUPTS, hapo bendera imepanda lakini hakuna anayeiangalia, itabidi usubiri kitanzi kiishe na ukamripotie aliyeiandika. Kama kwenye ps (orodha ya prosesi) herufi ya hali ni D, prosesi inasubiri diski ndani ya keneli, na hata -9 huenda isiingie mpaka diski ijibu, mara nyingi ni NFS iliyopotea au volyumu ya klaudi iliyoning'inia. Soma dmesg (ujumbe wa keneli), halafu mpigie mtu wa storeji.